Kabla hujamuuza poni mzee, mtazame mdomoni

Mleta mada, nimekuelewa: poni wako, yule farasi wa umbo dogo, ana miaka 21, binti amerefuka mpaka miguu inaning'inia chini ya tumbo la mnyama, na jamaa wa Boma Ng'ombe ameshakupa bei. Unauliza umuuze, umgawe au abaki. Nimehudumia farasi huku Usa River miaka 14, niruhusu niandike kwa kirefu.

La binti limekwisha, usilijadili. Hesabu yetu ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi moja ya tano ya uzito wa mnyama. Poni wa kilo 250 mwisho wake kilo 50, na hapo nasema poni mwenye mgongo mzima, si mzee. Mtoto wa darasa la saba aliyekula makande akashiba anafika huko mapema tu.

Sasa kuuza. Tulikuwa na poni anaitwa Karanga, kwa sababu ya rangi yake, si ule mtaa wa Moshi. Watoto wa tajiri walipokwenda bweni, nikaambiwa nitafute mnunuzi. Akaja bwana mmoja mwenye maneno matamu, akasema ana watoto wadogo nyumbani. Akalipa taslimu. Nikajiona nimecheza vizuri.

Miezi minane baadaye, Sikukuu ya Idi, niko Moshi na wanangu, nakuta foleni ya watoto wanapandishwa farasi kwa hela, mzunguko mmoja mmoja. Nikamwita mwanangu kwa sauti, na yule farasi akageuza masikio kwangu. Karanga. Mbavu unazihesabu. Nyuma ya kiwiko, pale mkanda wa tandiko unapopita, pana kidonda kama kiganja changu, kimepakwa oili chafu ili nzi wasitue.

Nilitaka kugombana. Lakini chini ya mti alikuwa amewekewa majani ya kutosha kabisa, na pembeni yake vimetapakaa vibonge vimelowa mate, kama matonge ya ugali yaliyotemwa. Mnyama alikuwa anatafuna, anashindwa, anatema. Yule bwana akaniambia, "Huyu anachagua chakula." Hakuwa anachagua. Meno ya farasi yanaendelea kusukumwa nje ya ufizi huku yakisagika, mpaka uzeeni yanakaribia kwisha, na kingo za magego zinakuwa kali, zinachana mashavu kwa ndani. Mtu asiyejua hilo anaweza kumuua poni kwa njaa akiwa amemzungushia majani pande zote.

Nikamnunua tena kwa bei zaidi ya niliyomuuzia. Mke wangu hajanisamehe hadi leo.

Daktari wa mifugo akampiga tupa magego. Mimi nikawa namlowekea pumba za ngano na mashudu kidogo mpaka ziwe uji mzito, majani namkatia mafupi. Kidonda kilifunga, mwili ukarudi taratibu. Hatukumpandisha mtu mzito tena. Kazi yake ikawa kukaa na madume wadogo wasiozoea, maana farasi hapendi kuwa peke yake na mzee mtulivu anawafundisha kuliko sisi.

Kwa hiyo mimi binafsi nisingemuuza. Kama nafasi huna, mwazimishe, tena kwa maandishi: aliyemwazima akishindwa kumtunza, poni anarudi kwako, haendi kwa mtu wa tatu. Huyo wa Boma Ng'ombe muulize usiku poni atalala wapi. Kule ni chini na joto zaidi, na ugonjwa wa farasi unaoletwa na usubi hauna dawa, kuna chanjo tu, na usubi unauma zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri. Anatakiwa awe bandani kabla jua halijazama, hasa baada ya masika. Akikujibu kwamba atamfunga nje na ng'ombe, mazungumzo yameisha. Muulize pia kwato zake zitakatwa na nani kila wiki sita hadi nane. Kimya chake kitakujibu.

Na lile ambalo hukuuliza. Karanga alikaa nasi miaka mitatu, kisha kiangazi kimoja akaanza kushindwa kuinuka. Tulimwinua mara mbili. Mara ya tatu, tulipomwinua tena, nikampigia daktari aje ampumzishe kwa sindano. Shimo tulilichimba kabla hajafika, refu kupita kimo changu, tukamsogeza Karanga polepole hadi ukingoni akiwa bado anatembea, kwa sababu ukisubiri alale mbali utamburuta kwa trekta. Dawa ya sindano ile ya kumuua inabaki kwenye nyama. Mbwa, fisi au tai akila mzoga naye anaweza kufa, kwa hiyo usikubali mtu yeyote akikuomba nyama ya kumlisha mbwa wake. Niliombwa. Kamba nilishika mwenyewe.

Wako bado hajafika huko. Kesho asubuhi, kabla hujampigia yule jamaa, mwekee majani makavu, simama robo saa, uangalie kinachoanguka chini.