Hofu ya mzee ni sehemu ya ugonjwa

Dada, umeuliza kama hofu ya baba yako mwenye Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka) ni ugonjwa au ni pepo, kama majirani wa Kadutu, Bukavu, wanavyosema. Ni ugonjwa, tena tafadhali wasimsumbue mzee na maneno hayo. Parkinson haigusi mwendo tu. Inaharibu pia vituo vya ubongo vinavyotoa noradrenalini na serotonini, kemikali zinazoratibu hisia. Kwa baadhi ya wagonjwa wenye wasiwasi, picha za ubongo za mashine ya MRI zimeonyesha amigdala, kile kinundu chenye umbo la lozi kinachopima hatari, imepungua ukubwa. Karibu mgonjwa 1 kati ya 3 hupata wasiwasi huo, na mara nyingine unatangulia kutetemeka kwa miaka.

Marehemu baba yangu kila alasiri alishikilia mwimo wa mlango, jasho likimtoka, akisema nyumba inateremka ziwani. Tulichelewa kugundua kuwa ndiyo saa levodopa, dawa yake ya Parkinson, ilikuwa inaisha nguvu mwilini. Kwa hiyo andika kwenye daftari saa za dawa na saa za hofu, wiki nzima, umwonyeshe daktari. Dawa usiikatishe ghafla hata kidogo, ni hatari.