Jezi Yenye Jina la Bia: Swali la Mwendesha Baiskeli wa Kigali

SWALI:

Assalaam alaykum sheikh wangu. Mimi ni kijana wa miaka 23, Muislamu, mkazi wa Nyamirambo, Kigali. Naendesha baiskeli za mashindano, ndiyo kazi yangu, na mshahara wake ndio unaomlisha mama na kuwasomesha wadogo zangu wawili. Mwaka huu timu yetu imepata mdhamini mpya, kampuni ya bia, na jina lake limewekwa kifuani kwenye jezi. Mimi sinywi na sijawahi kunywa. Juzi tulipigwa picha za matangazo, nikapewa chupa niishike. Nikakataa. Wakaniambia hii ni ile isiyo na kilevi, basi nikaishika, na nikalipwa. Pia kuna kampuni ya mafuta ya kujipaka inataka niseme kwenye kurasa zangu za mitandao kuwa mafuta yao ndiyo ninayochulia miguu kila baada ya mazoezi, ilhali mimi natumia mengine. Wenzangu wanasema huko Ulaya waendesha baiskeli wote wanafanya hivyo. Nini hukumu ya mambo haya, na ile pesa niliyokwisha kupokea niifanye nini?

JIBU:

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na ahali zake na masahaba zake.

Mwanangu, nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na kilichonigusa ni kwamba chupa ile uliikataa kwanza, kabla hujapewa maelezo yoyote. Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi ya Nawwas bin Sam'an aliyoipokea Muslim, kuwa dhambi ni kile kinachokusokota kifuani na ukachukia watu wakijue. Wewe kilikusokota. Usiidharau hali hiyo, wala usiwaache watu wakuzoeshe mpaka ikuishe.

Kazi yako ya mbio haina tatizo. Ibn Umar (r.a.) amesimulia kuwa Mtume aliwashindanisha farasi waliofanyiwa mazoezi kutoka al-Hafya mpaka Thaniyyatul Wadaa, na wasiofanyiwa kutoka Thaniyya mpaka msikiti wa Bani Zurayq, na yeye Ibn Umar alikuwa miongoni mwa walioshindana. Kutafuta riziki kwa jasho la miguu yako, ukamtunza mama, ni jambo la kheri. Kwa hiyo asikutishe mtu kuwa baiskeli yenyewe ni upuuzi.

Sasa tuje kwenye bia. Uharamu wa kilevi haukuanzia kwenye glasi wala hauishii hapo. Anas bin Malik (r.a.) amesimulia, na Tirmidhi ameipokea, kuwa Mtume aliwalaani watu kumi kwa sababu ya pombe: anayeikamua, anayekamuliwa kwa ajili yake, mnywaji, mbebaji, anayebebewa, anayeimimina, muuzaji, mwenye kula thamani yake, mnunuzi, na anayenunuliwa kwa ajili yake. Hebu mtazame huyo mbebaji. Huenda hajawahi kuionja maishani mwake. Amebeba tu, na ujira wake ni wa kubeba. Hata hivyo amehesabiwa, kwa kuwa bila ya bega lake kile kinywaji kisingefika mezani. Mwenye kutangaza hakutajwa kwa jina katika hadithi hiyo, lakini kazi yake inatangulia ya mbebaji. Mbebaji anawapelekea waliokwisha kuitaka. Mtangazaji anawafanya waitake wale ambao haikuwapitikia. Na Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Maida, aya ya 2: "Wala msisaidiane katika dhambi na uadui."

Utaniambia, "Sheikh, mimi sisemi neno, napiga pedali tu." Ndiyo maana inabidi tujue jezi hiyo inafanya kazi gani, kwa sababu wenzako wamekutajia Ulaya, na Ulaya ndiko mambo haya yalikoanzia.

Zamani timu za baiskeli zililipiwa na watengenezaji wa baiskeli na matairi. Mwaka 1954 Muitaliano Fiorenzo Magni, alipoona viwanda vya baiskeli vimeishiwa, aliwaendea watu wa krimu ya Nivea wakakubali kuidhamini timu yake. Mlango ukafunguka. Ikaja timu ya Faema, watengenezaji wa mashine za kahawa, kisha Molteni, wenye kiwanda cha soseji, na Mbelgiji Eddy Merckx akazivalia jezi zote mbili. Jacques Anquetil wa Ufaransa alikimbia chini ya jina la St Raphaël, ambacho ni kinywaji cha kilevi. Na tangu 1966 yako mashindano makubwa huko Uholanzi yenye jina la bia tangu mwanzo, Amstel Gold Race, na mshindi wake hupewa glasi ya bia jukwaani. Je, wafanyabiashara hawa walitoa fedha zao kwa mapenzi ya baiskeli? Wapo waliokuwa nayo, lakini walichokinunua ni kifua cha mpanda baiskeli, mgongo wake, na paja lake ambalo kamera ya pembeni hulionyesha kwa saa nzima.

Wewe unalijua hili kuliko mimi. Mpandaji anapokaribia kushinda, akiwa hoi, mate yanamtoka, huachia usukani kwanza akapandisha zipu ya jezi mpaka shingoni, ndipo anyanyue mikono. Kwa nini? Ili jina la mdhamini lisomeke vizuri kwenye picha. Kwa hiyo usiseme huzungumzi. Jezi inazungumza, na ulimi wake ni ushindi wako.

Mwaka mmoja nilikuwa mgeni Kigali wakati wa Tour du Rwanda, mashindano ambayo kwa miaka kadhaa majina ya bia yamekuwa miongoni mwa wadhamini wake. Nikasimama hapo kwenu Nyamirambo, kwenye mpando wa mawe wa Kwa Mutwe. Baiskeli pale hupanda polepole, karibu mwendo wa mtu anayekimbia, na watoto walikuwa wakikimbia pembeni wakiwashangilia. Kulikuwa na mtoto aliyevaa kanzu, ametoka madrasa, juzuu ameishika kwapani. Alikuwa akisoma kwa sauti majina yaliyoandikwa vifuani, silabi moja moja, kama wanavyosoma watoto waliojua kusoma juzi. Alisoma na jina la bia. Alilisoma kwa furaha, kwa kuwa aliyelivaa alikuwa shujaa wake. Tangu siku ile sijaweza kulichukulia jambo hili kuwa ni kitambaa tu.

Wala si Waislamu peke yao waliolitambua. Ufaransa, nchi ya mvinyo, ilipitisha sheria mwaka 1991, inayoitwa sheria ya Évin, ikakataza makampuni ya pombe kudhamini michezo. Waliotunga sheria hiyo hawakuwa wakisoma hadithi za Mtume. Waliona tu kuwa mchezo na kilevi vikishikana mikono, kijana hudhani ni ndugu.

Basi hukumu ya jezi: haikujuzii kuivaa kwa hiari ikiwa na jina la bia, na ni wajibu wako kutafuta njia ya kuivaa bila jina hilo. Usidhani ni jambo lisilowezekana. Hashim Amla, Muislamu wa Afrika Kusini, aliichezea timu ya taifa ya kriketi iliyokuwa ikidhaminiwa na bia ya Castle. Aliomba asivae nembo hiyo, wakubwa wa mchezo wakamkubalia, akawa anaingia uwanjani na jezi tupu mahali walipo wenzake na nembo. Mwaka 2012, mjini London, alifunga mikimbio 311 bila kutolewa, na kabla yake hakuna mchezaji wa Afrika Kusini aliyewahi kufika 300 katika zamu moja ya kupiga kwenye mechi za Test, zile za kriketi za siku tano. Australia nao walimruhusu Fawad Ahmed vivyo hivyo mwaka 2013. Wote wawili waliomba kwa adabu, na wakakubaliwa.

Kuhusu chupa, hapo ni pazito zaidi, kwa sababu jezi umevikwa na timu, lakini chupa umeishika kwa mkono wako. Hiyo hoja ya "haina kilevi" imewachanganya wengi. Ikiwa kinywaji hakina kilevi kabisa na hakileweshi hata kikinywewa kingi, kukinywa ni suala jingine. Ila wewe hukuitwa kunywa, uliitwa kupigwa picha. Jina lililo kwenye chupa ile ni jina gani? Ni lile lile la bia. Atakayeliona bango barabarani hatasoma maandishi madogo ya pembeni, atasoma jina kubwa na sura yako. Mwezi Juni 2021, kwenye mashindano ya mataifa ya Ulaya, mchezaji mpira Paul Pogba alikuta chupa ya Heineken imewekwa mbele yake mezani alipokuwa akihojiwa na waandishi. Ilikuwa ya aina hiyo hiyo isiyo na kilevi. Aliichukua kimya kimya akaiweka chini ya meza. Hakutoa hotuba. Nasi katika fiq'hi tuna msingi wa kuziba njia zinazoelekea kwenye haramu, na mlango huu ni wa kuzibwa. Usiishike tena, na uwaombe wasiitumie ile picha.

Ukishinda na wakaanza kumwagiana shampeni jukwaani, chukua zawadi yako, toa mkono wa pongezi, ushuke.

Sasa mafuta ya kuchua. Naona uliliweka swali hili mwishoni kama dogo, nami nataka ulitazame vizuri, kwa kuwa ndilo litakalokufuata maisha yako yote ya mchezo. Krimu, sabuni, unga, simu, maziwa: hivi ni vitu halali na kuvitangaza ni halali. Lakini tangazo ni ushahidi. Mtume alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani yake, vidole vikakuta umajimaji. Akauliza, "Nini hiki, ewe mwenye chakula?" Akajibiwa, "Kimenyeshewa na mvua, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu." Akasema, "Mbona hukukiweka juu watu wakakiona? Mwenye kughushi si katika mimi." Ameipokea Muslim kutoka kwa Abu Hurayra. Nafaka yenyewe ilikuwa halali, iliyoharibu ni ile sura ya juu iliyokuwa kavu. Wewe ukisema, "Haya ndiyo ninayochulia miguu," na kabatini kwako kuna chupa nyingine, umeanika nafaka kavu juu ya mbichi. Na iko hadithi nyingine, ya Bukhari na Muslim, inayomfananisha anayejionyesha kuwa na kitu asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Nguo mbili! Sijui kama kuna mtu anayestahiki kuizingatia hadithi hii kuliko anayelipwa kwa anachokivaa.

Fanya hivi: waombe chupa ya mafuta, uyatumie mwezi mzima. Yakikufaa, sema yamekufaa, na uwajulishe watu kuwa umelipwa. Yasipokufaa, warudishie mkataba wao. Usiseme yanaponya kitu ambacho hayaponyi. Muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka yake hufutwa. Hivyo ndivyo alivyosema Mtume katika hadithi ya Hakim bin Hizam.

Na ukitoka kwenye bia usikimbilie kwenye kamari au mikopo ya riba ukadhani umepona. Huko Ulaya ziko timu zenye majina ya hao pia, kama Cofidis, kampuni ya mikopo ya Ufaransa.

Pesa: mshahara unaolipwa na timu kwa kukimbia kwako ni ujira wa kazi ya halali, ule na umlishe mama, huku ukishughulikia suala la jezi. Yale malipo ya picha ya chupa ni ujira wa tangazo lenyewe. Yatoe yote kwa maskini au katika maslahi ya watu, kwa nia ya kujisafisha, bila ya kutarajia thawabu za sadaka. Ikiwa umekwisha kuyatumia na huna kitu, tubia, na uyatoe kidogo kidogo Mwenyezi Mungu atakapokukunjulia. Hukujua, na mwenye kuuliza amekwisha kuanza kurudi.

Kwa meneja wako nenda kabla msimu haujafika katikati, peke yako, si mbele ya wenzako. Usimhubirie. Mwambie dini yangu hainiruhusu kulivaa jina hili, naomba jezi yangu ishonwe bila hilo, na nipo tayari kupunguziwa fungu la mdhamini. Akikubali, mshukuru. Akikataa, anza kutafuta timu nyingine tangu siku hiyo, na kwa muda huo usiiache familia ikalala njaa, bali endelea ukiwa umechukia na unatafuta pa kutokea, na usiifanye dharura kuwa makazi. Aliyesema, "Na anayemcha Mwenyezi Mungu humtengenezea njia ya kutokea, na humruzuku kwa njia asiyotazamia," hakuwaacha nje wapanda baiskeli.

Ukitaka, niandikie tena tuitengeneze pamoja ile barua ya meneja, na unijulishe mkataba wako unakwisha mwezi gani.

Wallahu aalam.