Je, Cobra ya Mwaka 2017 Ni Cobra Kweli?

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu. Mimi ni fundi mstaafu wa karakana, niliyezeeka nikichonga vyuma kwa tupa na kwa mashine. Sina silaha wala siitafuti, lakini chombo kidogo kilichoundwa kwa ustadi hunivutia. Kijana wangu alinionyesha kwenye simu picha za rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ya Colt Cobra iliyotoka mwaka 2017, akanisomea kwamba kampuni hiyo ya Marekani imeirudisha ile ya zamani. Nimezitazama picha za zote mbili, na naona hazifanani kama watu wanavyodai. Je, ni ileile, au ni jina tu lililorudi? Na mitambo ya ndani imebaki ilivyokuwa?
Papa wa Kamalondo, Lubumbashi

JIBU: Papa, macho yako hayajakudanganya. Kilichorudi mwaka 2017 ni jina la Cobra lililobandikwa kwenye rivolva ambayo, kwa uzito na kwa madini yake, iko karibu zaidi na ndugu yake mkubwa, Detective Special.

Detective Special ilianza kuuzwa mwaka 1927. Colt ilichukua rivolva yake ya polisi, Police Positive Special ya mwaka 1908, ikaufupisha mtutu hadi kiasi cha sentimita 5, na kwa njia hiyo ikapata silaha ya risasi sita za aina ya 38 Special inayoweza kufichwa ndani ya koti. Ilikuwa ya chuma kitupu cha kawaida, yenye uzito wa karibu gramu 600. Mwaka 1950 ndipo Cobra ilipozaliwa: umbo lilelile, ila fremu yake ilitengenezwa kwa aloi ya alumini, na uzito ukashuka hadi gramu 425 hivi. Wepesi huo ndio uliokuwa sababu pekee ya kuwapo kwake. (Cobra ndiyo aliyoishika Jack Ruby alipompiga risasi Lee Harvey Oswald, mtuhumiwa wa mauaji ya Rais Kennedy wa Marekani, mjini Dallas tarehe 24 Novemba 1963, na picha ya tukio lile imeitangaza kuliko tangazo lolote la kiwanda.)

Sasa iweke ya mwaka 2017 kwenye mizani. Ni ya chuma kisichoshika kutu, fremu na silinda, na inakaribia gramu 710. Yaani imeizidi Cobra ya kwanza kwa zaidi ya nusu ya uzito wake, na hata Detective Special imeachwa nyuma. Kwa hiyo, anayeinunua kwa sababu ya jina, akitarajia silaha ambayo mfuko hautaisikia, atashangaa. Hata hivyo uzito huo una faida yake: mkono haurushwi sana wakati wa kufyatua, na fremu inastahimili risasi zenye msukumo mkubwa zinazotiwa alama ya +P, ambazo mwenye busara hazitumii mfululizo katika fremu ya alumini ya zamani.

Kuhusu mitambo ya ndani, hapo ndipo fundi kama wewe angekaa mchana kutwa. Katika Colt za zamani, ukiivuta taratibu rivolva tupu hadi nyundo idondoke, kisha ukakibana kifyatuo bila kukiachia na kujaribu kuitikisa silinda kwa vidole, utakuta haichezi hata kidogo. Sababu ni kwamba kile kidole cha chuma kinachoisukuma silinda hakiishii kuizungusha tu. Kinaendelea kuikandamiza dhidi ya kikomeo chake mpaka risasi itoke, na tundu la silinda linabaki limenyooka sawasawa na mtutu. Wapenzi wa Colt husifu jambo hilo kuliko yote, na wana haki. Lakini mkandamizo huohuo hula ncha ya kidole na meno ya silinda, hata baada ya matumizi mengi silinda huanza kuchelewa kufika mahali pake, na kuirekebisha kulihitaji mtu mwenye tupa, subira na mazoea ya miaka, kwa kuwa kila kipande kilikuwa kimelinganishwa kwa mkono na mwenzake.

Ile mpya imeachana na utaratibu huo. Springi kuu ya zamani yenye umbo la V, ambayo humfanya mpigaji ahisi uzito ukirundikana mwishoni mwa mvuto, imebadilishwa, na mvuto wa sasa ni laini na wa kulingana tangu mwanzo hadi mwisho. Vipande vinakatwa na mashine zinazoongozwa na kompyuta, hivyo kazi ya tupa imepungua sana. Kwenye ncha ya kulengea kuna uzi mwekundu unaokusanya mwanga, na mpini ni wa mpira badala ya mti wa jozi. Kifuniko cha kijiti cha kutolea maganda, chini ya mtutu, kimeigwa kwenye matoleo ya kuanzia mwaka 1973.

Hukumu yangu, Papa, ni kwamba kwa kutumiwa, ya mwaka 2017 ni bora, na kwa kufunguliwa na kutazamwa, ya zamani haina mpinzani. Kama kiwanda kingeiita Detective Special, nisingekuwa na neno.

SWALI: Mhariri, kwa nini Colt ndogo hubeba risasi sita na Smith & Wesson ndogo tano? Na je, raia anaweza kuagiza moja kutoka nje?
Msomaji wa Kadutu, Bukavu

JIBU: Smith & Wesson walipotoa Chiefs Special, mwaka uleule wa 1950, waliamua silinda iwe nyembamba ili silaha isivimbe mfukoni, na unene uliopunguzwa ulikuwa wa risasi moja. Colt walipendelea kuibakiza ya sita na kuvumilia unene kidogo. Kuhusu kuagiza, silaha nchini mwetu zinatawaliwa na sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, ambayo hairuhusu raia kumiliki silaha ya moto bila kibali cha mamlaka. Basi usimlipe mtu yeyote wa mtandaoni kabla ya kibali hicho kuwa mkononi mwako.