Mdogo wangu anakesha na taski za senti, kwa nini haachi?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mdogo wangu alimaliza chuo mwaka juzi, kazi hajapata, sasa kila usiku yuko kwenye laptopu anachora viboksi kuzunguka magari na watu kwenye picha za barabarani, eti anafundisha kompyuta kuona. Picha moja senti kadhaa za dola. Juzi bando nimemnunulia mimi! Nikimwambia aache ananuna. Nini kinamshikilia? Dada mtu, Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza ni hela, wanaosema vijana wanafanya hizi taski kujifurahisha tu hawajakesha nazo. Lakini hela yenyewe ndogo, mwaka 2018 watafiti walitoa hesabu ya taski milioni 3.8 za Amazon Mechanical Turk, soko la mtandaoni la taski kama hizi lililoanza 2005, nusu ya wafanyakazi walikuwa hawapiti kama dola 2 kwa saa, maana walihesabu mpaka muda wa kutafuta taski na zile zilizokataliwa ukaambulia patupu.

Sasa kinachomrudisha ni nini? Nilishakaa na kijana mmoja hapa mtaani akifanya hizo kazi, macho yake hayakuwa kwenye dola, yalikuwa kwenye ile asilimia ya usahihi juu ya skrini, ilisoma 97, ikipanda anafunguliwa taski zinazolipa vizuri, ikishuka anafungiwa, akaniambia shangazi nikiacha leo miezi yote hii imepotea, kwingine naanza sifuri. Halafu kuna salio, halitoki mpaka lifike kiwango fulani, kwa hiyo kila siku kuna kitu kidogo umekiacha humo kinakungoja. Na mimi naona kubwa zaidi ni hili, mdogo wako amepeleka barua za kazi kila ofisi hakuna anayejibu, huku kwenye taski hakuna aliyemuuliza anamjua nani, kazi yake ikipita anajibiwa hapohapo. Hilo si jambo dogo kwa kijana aliyekaa nyumbani miaka miwili.

Ndio maana ananuna, ukisema aache yeye anasikia unamwambia hafanyi kazi. Usimwambie hivyo tena. Kaa naye jioni moja na daftari, aandike saa anayokaa na saa anayoinuka, muda wa kutafuta taski uingie, mwisho wa mwezi achukue kilichoingia M-Pesa agawanye kwa saa zake mwenyewe, halafu aamue yeye. Bando la mwezi huu mnunulie tu, ila na lenyewe liandikwe kwenye daftari.