Kibali cha kukarabati kijito: pima athari za ukarabati wenyewe

Mradi wa kurejesha kijito una lengo jema, na lengo hilo huwalegeza wakaguzi. Ripoti nyingi huandika "athari ni chanya" kisha zinapita. Lakini kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kinachoingia mtoni kutengeneza kingo hutibua tope lile lile linalotibuliwa na kijiko kinachochimba mchanga. Tathmini ipime kile kitakachofanyika ndani ya maji, hata kama nia ni njema kiasi gani.

Anza na alama ya maji makuu, yaani mahali maji hufika mto unapojaa, pande zote mbili. Utaitambua mahali takataka za mafuriko zilipoishia kunasa vichakani, aina ya nyasi inapobadilika, na mizizi inapoacha kuwa wazi. Ipime kwa GPS kabla mhandisi hajachora chochote, maana hesabu zote zinaanzia hapo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 kinazuia, ndani ya mita 60, shughuli za binadamu zilizo za kudumu au zinazoweza kudhuru hifadhi ya ukingo wa mto. Jambo linalosahaulika sana: ukipanua kijito, ukingo unasogea, na mita 60 zinasogea nao. Nyumba au bustani ya mchicha iliyokuwa nje ya mstari inajikuta ndani. Wenyewe waambiwe kabla ya kibali kutoka.

Sasa gawanya athari za kudumu na za muda. Chukua kijito chenye upana wa mita 6, mradi wa mita 120. Gabioni (vizimba vya waya vilivyojazwa mawe) za mita 40 kila upande, zikiingia mita 1 ndani ya njia ya maji, ni mita za mraba 80 za kudumu. Kivuko cha mashine chenye upana wa mita 4 ni mita za mraba 24 za muda. Lakini palipo na gabioni upana umebaki mita 4: theluthi moja imekwenda, na mafuriko yale yale yatapanda juu zaidi au yatakimbia kwa kasi zaidi. Athari hiyo haimo kwenye zile 80. Nayo ya muda tusiikubali kwa jina tu. Iandikwe tarehe ya kuondoa kivuko, nani anaondoa, na kimo cha kitako cha mto, yaani sakafu yake, kabla ya kazi. Kivuko cha udongo mfinyanzi hakiondoki chote. Dai mawe safi juu ya kitambaa cha ujenzi.

Kunyoosha mikondo ndiko tunakokuogopa kuliko yote. Kijito kikishuka sentimita 60 katika mita 120, mteremko ni asilimia 0.5. Kinyooshe kiwe mita 90 na mteremko unafika karibu asilimia 0.67. Maji yanaanza kuchimba kitako, na mmomonyoko unapanda juu ya mto hadi kwenye nguzo za daraja ambalo halikutajwa popote kwenye ripoti. Kwa hiyo pima mikato ya mto (umbo lake kutoka ukingo hadi ukingo) juu na chini ya eneo la mradi pia, hadi madaraja na makalavati ya karibu.

Hali ya awali ipimwe kiangazi na masika. Okota mawe 100 kitakoni bila kuchagua, upime kila moja, upate ukubwa wa kokoto. Hesabu wadudu wa majini kwa TARISS, mfumo wa alama uliotengenezwa kwa mito ya Tanzania, na rudia sehemu zile zile, msimu ule ule, baada ya mradi. Kulinganisha Agosti na Aprili hakukwambii kitu.

Kazi ifanyike pakavu, kipande kwa kipande, maji yakipitishwa pembeni kwa pampu. Kwa vijito vya Dar es Salaam, kama vile vinavyoingia Mto Msimbazi, miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo salama. Maji yakitiririka lita 15 kwa sekunde, hizo ni mita za ujazo 54 kwa saa. Pampu iliyoandikwa mita za ujazo 60 kwa saa haitoshi, kwa sababu urefu wa bomba na mwinuko hupunguza nguvu yake. Mdomo wa kunyonya uwe na wavu, samaki wahamishwe kabla ya kukausha, na maji yatolewe juu ya mawe. Maji ya kuoshea zege yasiguse kijito kabisa, kwani ukali wake huua samaki.

Ombi liende NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, na kwa Afisa Maji wa Bonde kwa pamoja, michoro ikiwa ileile; tofauti ya mita chache kati ya nakala mbili inarudisha faili nyuma. Na swali moja lisiachwe: mchanga unaochimbwa unakwenda wapi? Ripoti isiyotaja ujazo wake na mahali utakapomwagwa irudishwe. Mchanga ukiwa unauzwa, kina cha kuchimba hakiamuliwi tena na mahitaji ya mto. Kibali kitaje kimo cha chini kabisa cha kuchimba kwa kila mkato, na mpimaji asiyelipwa na mkandarasi akihakiki kabla mashine hazijaondoka.