Georgeo: neno la kulima, kwa mnaoanza Kigiriki cha Agano Jipya

Ukianza Kigiriki, maneno ya ukoo wa georgeo yatakuvutia mapema kwa sababu yanajifungua yenyewe: ge ni ardhi, ergon ni kazi. Kila darasa huwa na Joji wake, naye hufurahi akiambiwa kwamba jina lake maana yake ni mkulima. Mwacheni afurahi. Shida ni kwamba wengi huishia hapo, na Jumapili inayofuata wanapanda mimbarani na "maana ya asili".

Anza na itifaki, yaani kitabu kinachoorodhesha kila mahali neno linapotokea katika Biblia, si na kamusi. Kitenzi georgeo kimo mara moja tu katika Agano Jipya, Waebrania 6:7. Georgion, nomino ya ukoo huohuo, nalo ni mara moja, 1 Wakorintho 3:9. Georgos, yaani mkulima, limo mara 19, na 16 kati ya hizo zimo katika mfano mmoja, ule wa wakulima waovu unaosimuliwa na Mathayo, Marko na Luka. Zinabaki tatu: Yohana 15:1, 2 Timotheo 2:6 na Yakobo 5:7. Ni kazi ya jioni moja, na hakuna kamusi itakayokupa ulichokiona kwa macho yako.

Angalia sasa wanafanya nini. Wa Yakobo anangoja mvua. Wa Timotheo anataabika na kustahili kula kwanza. Wa Yohana anakata matawi yasiyozaa na kusafisha yanayozaa. Hakuna hata mmoja aliyeshika jembe! Kulima kwa plau kuna kitenzi chake, arotriao (Luka 17:7), na kuchimba kuna skapto, ambacho Luka 13:8 anakitia kinywani mwa mtunza mizabibu anayeuombea mtini mwaka mmoja zaidi. Georgos ni mtu wa msimu mzima. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro ataelewa bila kufundishwa: naye huitwa mkulima hata siku anayoshinda akipogoa.

Jambo la pili, georgos si lazima awe mwenye shamba. Katika ule mfano, mwenye shamba ndiye aliyepanda mizabibu, akajenga ugo na mnara, kisha akalipangisha kwa georgoi (wingi wa georgos) na kusafiri. Hao ni wapangaji wanaodaiwa sehemu ya matunda, na ugomvi wote wa mfano umesimama juu ya deni hilo. Katika Misri ya akina Ptolemaio, wafalme wa asili ya Kigiriki waliotawala kabla ya Warumi, walikuwepo hata "georgoi wa mfalme", waliokodi ardhi ya serikali na kuilipia. Lakini usichukue maarifa hayo ukayabandika kwenye Yohana 15, ukatuambia Baba ni mpangaji. Huko mkulima anaamua tawi lipi libaki. Neno ni lilelile, nafasi ya mtu ni nyingine, na inayoamua ni habari yenyewe, si mzizi.

Mtasikia pia kwamba Adamu aliwekwa Edeni "ili a-georgeo". Fungueni Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale, Mwanzo 2:15: kitenzi ni ergazomai, kufanya kazi. Kaini naye anaelezwa kwa hichohicho katika 4:2. Georgos linamwangukia Nuhu, 9:20. Filo wa Aleksandria, mwanafalsafa Myahudi wa karne ya kwanza, aliliona hilo, akaandika kitabu kizima akimtenga georgos mwenye maarifa, kama Nuhu, na mtu wa kuchokonoa ardhi tu, kama Kaini. Ni somo tamu, lakini ni istiari ya Filo. Msimsingizie Paulo.

Kwa Paulo, kosa ninalolisikia zaidi ni la viwakilishi. "Ninyi ni shamba la Mungu," asema, halafu mhubiri anawaambia washarika wao ni wakulima wa Mungu. Hapana. Wanaofanya kazi hapo ni Paulo aliyepanda na Apolo aliyetia maji. Wakorintho ndio georgion, wanaolimwa. Na kama unajiuliza georgion ni shamba au ni kazi ya kulima, Mithali 24:30 ya Kigiriki inasaidia: mtu mpumbavu amefananishwa na georgion, na mstari unaofuata unasema likiachwa litaota majani. Ni shamba, ila ni shamba linalodai mkono wa mtu.

Waebrania 6:7 ndipo pa kukaa muda mrefu. Georgeitai ni kauli ya kutendwa, wakati uliopo: ardhi inalimwa, na kazi inaendelea. Kabla yake kuna di' hous, yaani kihusishi dia na kiwakilishi hous, "ambao". Dia ikifuatwa na neno lenye umbo la jenitivu ni "kwa kupitia", ikifuatwa na lenye umbo la akusativu ni "kwa ajili ya", na hous ni akusativu. Ardhi inalimwa kwa ajili ya watu hao, si lazima na watu hao. Msione aibu mkiteleza hapo, maana Biblia ya Kilatini ya Vulgata na ile ya Kiingereza ya Mfalme James ya 1611 zote zilisoma "wanaoilima". Swahili Union Version imesema "kwa ajili yao", na iko sahihi.

Halafu msifunge kitabu kabla ya mstari wa 8. Union inasema "miiba na magugu", na ukitafuta kwa Kiswahili hutafika popote, kwa kuwa Mwanzo 3:18 yake inasema "michongoma na miiba". Kwa Kigiriki ni jozi ileile, akanthai na triboloi, kwa mpangilio uleule, na laana iliyotajwa katika Mwanzo 3:17 inarudi hapa pia. Mwandishi anazungumzia shamba huku macho yake yako Edeni. Kabla ya kipindi kijacho kila mmoja aandike mistari hiyo minne, miwili ya Mwanzo na miwili ya Waebrania, kwa mkono, upande kwa upande, na apigie mstari kila neno linalojirudia.