Shule ya Kikristo isiyochapa: nidhamu inatoka wapi?

SWALI: Shule ya Kikatoliki tunayotaka kumpeleka binti yetu wa darasa la tatu inasema inafuata malezi ya Don Bosco, na kwamba fimbo hakuna. Baba yake anahofia mtoto asiyechapwa ataharibika. Tena, tutajuaje kama wanayosema wanayatenda?
*Mzazi, Dodoma*

JIBU: Mwambie baba asiogope, Don Bosco hakuwa mlegevu. Padri huyu (1815–1888) alilea vijana maskini na vibarua wa Turin, Italia, na mwaka 1877 aliandika kwa kifupi njia yake. Alitofautisha malezi ya aina mbili. Katika aina ya kwanza, sheria hutangazwa, kisha mkubwa hukaa pembeni akisubiri wa kumkamata. Katika ya pili, aliyoichagua yeye, sheria hutangazwa, kisha mlezi hukaa na watoto muda wote, hata kosa likose nafasi. Nguzo zake ni tatu: akili, yaani mtoto aelezwe sababu ya sheria, dini, na upendo ambao mtoto mwenyewe anauona.

Basi kinachoshika nafasi ya fimbo ni jasho la mwalimu, na hapo ndipo shule nyingi hukwama. Msiende siku ya wazazi, siku hiyo kila shule hupendeza. Nendeni saa ya mapumziko mwangalie walimu wako wapi. Kama wote wako ofisini na chai yao, na watoto wameachiwa kiranja anayezunguka na karatasi ya majina ya wapiga kelele, hiyo ni aina ya kwanza, hata picha ya Don Bosco iwe imetundikwa kila ukuta. Mwenyewe alilalamikia jambo hilo katika barua aliyoiandika Roma, Mei 1884: wakubwa walikuwa wameacha kuchanganyika na vijana michezoni, na imani kati yao ikapotea.

Sikilizeni pia neno fupi la mlezi. Bwenini husemwa kabla ya kulala. Shule za kutwa hulisema asubuhi mstarini. Kipimo chake ni dakika 2 au 3: tukio moja, funzo moja, watoto waondoke. Likivuka dakika 20 na waliochelewa wakasomwa majina, limegeuka kuwa la kusutana.

Adhabu zipo. Mtoto huonywa peke yake, si mbele ya wenzake, na huelezwa kosa lake kabla ya jambo lolote. (Siku hizi "peke yake" iwe mahali wanapoonekana, mlango wazi.) Mlezi akipendwa, uso wake ukibadilika tu mtoto ameshaelewa. Kupiga, kupigisha magoti kwa kuumiza na kuvuta masikio Don Bosco alivikataza. Kwa hiyo muulizeni mwalimu wa nidhamu: mtoto akirudia kosa mara ya tatu, mnamfanya nini? Akijibu kwamba hupigishwa magoti kwenye kokoto, fimbo imebadilishwa jina tu.

Kisheria, kanuni za Tanzania za mwaka 2002 bado zinaruhusu viboko, visizidi 4, kwa mamlaka ya mkuu wa shule. Kenya ilivipiga marufuku mwaka 2001. Shule yenu imejiamulia yenyewe, na mkuu mpya anaweza kuamua vingine. Ombeni ahadi hiyo iandikwe kwenye fomu ya maelekezo ya kujiunga.

SWALI: Sisi ni Walutheri. Mtoto wetu atalazimishwa Misa na kitubio katika shule kama hiyo?
*Msomaji, Iringa*

JIBU: Don Bosco aliona Misa, kitubio na Komunyo kuwa nguzo za malezi yake, ila aliandika waziwazi kwamba vijana wasilazimishwe. Kitubio na Komunyo kwa kawaida ni vya Wakatoliki, hivyo hatavipokea. Kukaa kanisani na wenzake wakati wa Misa ni jambo jingine: ulizeni kabla ya kulipa ada kama ni lazima, pamoja na sala za asubuhi na kipindi cha dini.

Kinachowashtua wazazi wengi ni mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Mara nyingi huanza darasa la tatu au la nne, na mtoto hufuata marafiki zake tu, akajiandikisha. Mwandikieni mkuu wa shule barua mapema kwamba asiandikishwe bila ninyi kuitwa, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.